Bawa Halifukizwi Udi

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na mbili, niko darasa la tatu, pale baba yangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi huko Mlingotini. Hakufa. Angekufa tungelia, tungezika, tungeendelea. Alivunjika kiuno akawa mtu wa kitandani, na mtu wa kitandani anakula sawasawa na anayetembea. Mama akaniambia, "Tatu, kesho huendi shule." Nikamuuliza, na kesho kutwa? Akanipa ndoo nikateke maji. Elimu yangu ikaishia hapo. Mkiona mahali nimeandika vibaya, sahihisheni wenyewe, nyie ndio wenye vyeti.

Nawaandikia kwa sababu nimechoka kusema. Tangu mtoto wa jirani anipige picha nimesimama mlangoni pa karakana ya ndege na kuitupia kwenye simu, hapa kwangu Kerege vijana hawakauki. Wanakuja wawili wawili, viatu vyeupe pee. Shikamoo bibi. Marahaba, kaeni. Hata hawajaniuliza nimeamkaje, mmoja ameshaanza, "Bibi, tunataka kuingia kwenye kutengeneza ndege. Mtu anaanzia wapi?"

Juzi alikuja binti mmoja na mwenzake wa kiume. Nikamuuliza yule binti kama amewahi kushona.

"Kushona nini, bibi?"

"Chochote. Hata kifungo."

"Kuna fundi huwa nampelekea."

Nikamgeukia mvulana. "Na wewe?"

"Mimi napenda sana anga, bibi. Tangu utotoni."

"Anga hata kunguru analipenda. Nakuuliza mikono yako inajua nini."

Akacheka, akaniambia anajua kompyuta, na kwamba ndege za siku hizi zinachorwa humo humo. Haya. Zinachorwa. Na godoro linachorwa pia. Likishachorwa, kalale juu ya karatasi.

"Bibi, sisi tunataka kutoboa maisha," akasema binti.

Nikawaambia kutoboa ndiko walikokuja wanaume wengi kufanya kwenye mabawa yangu, kwa pasi, na nikawafukuza. Hawakuelewa. Wakanywa maji, wakapiga picha na mlango wangu, wakaenda zao.

Sasa sikilizeni, maana sitarudia kwa kila anayeshuka kituoni hapo. Kazi hii haitaki anayependa ndege. Inataka mtu atakayesema nimekosea, mahali ambapo hakuna aliyemwona akikosea. Basi. Mengine yote yanafundishika, hata kwa mtu wa darasa la tatu. Hilo moja mimi nililipia kwa mke wa marehemu kaka yangu. Ilifika siku ikabidi nichague, yeye au bawa. Nitawaeleza, lakini kwanza mjue mikono yangu ilitoka wapi, msije mkadhani niliokota kazi barabarani.

Mikono hii niliipata kwa Bwana Jivan, Bagamoyo mjini. Alikuwa Mhindi mwembamba asiyekula nyama wala kusamehe. Akiuza magodoro na maturubai. Mimi nilianza kwa kuchambua usufi, nikipiga chafya kutwa nzima, kisha nikapewa sindano. Ukimaliza kushona ukingo wa godoro, Jivan analiweka chini, analikanyaga, anavuta mshono kwa mikono miwili. Ukiachia nafasi ya kupita njiti ya kiberiti, anachukua wembe anaukata mstari mzima. Siyo pale palipolegea. Mstari wote.

"Tatu," ananiambia, "hili godoro la mtu, au la kuku kutagia?"

Mwanzoni nililia. Baadaye nikaona kilio hakishoni, nikawa namtukana chinichini kwa Kikwere. Nilimtukana mpaka msimu ukapita, ndipo siku moja akanijibu kwa Kikwere kilichonyooka kuliko changu. Kumbe yaya aliyemlea alikuwa Mkwere wa Makurunge. Nilitamani godoro linimeze.

Jivan ndiye aliyenifundisha kwamba uzi hauvutwi kwa vidole, unavutwa kwa bega, ndiyo maana mishono ya asubuhi na ya jioni inafanana. Vidole vinachoka, bega linachelewa kuchoka. Alinifundisha kuupitisha uzi kwenye nta mpaka ulie. Alinifundisha kushona upande usioonekana kwanza, kwa sababu ukianza na unaoonekana, ule mwingine utaushona ukiwa umeshajisifu. Nyie mnakwenda kulipa ada mfundishwe kujiamini. Mimi nililipwa nifundishwe kutojiamini, na ndicho kilichonifikisha.

Siku moja vikaletwa viti vya ndege ndogo kutoka Dar, vimeraruka. Nikavishona, vikaenda. Muda ukapita, akaja mwanamume mrefu, ovaroli imelowa mafuta, amebeba kiti kimoja begani. Akakipindua miguu juu pale dukani, akakagua kule chini ambako hakuna abiria atakayeinama kutazama.

"Nani kashona huku?"

Jivan akanyoosha kidole. "Yule. Lakini ana mdomo."

"Mdomo haushoni," akasema yule bwana. Jina lake Mhina, Mzigua, fundi mkuu kwenye hanga moja, banda la kutengenezea ndege, pale uwanja wa ndege. Akaniuliza kama naweza kushona bawa. Nikadhani ananitania, lakini nikamfuata.

Wengi wenu mkisikia ndege mnaifikiria ile inayopeleka mahujaji. Hiyo sijaigusa, na sijioni mdogo kwa hilo. Zangu ni ndogo, za watu wawili, za kunyunyizia dawa mashambani, ambazo bawa lake ni mbavu za mbao au za bati jepesi zilizovalishwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Mara ya kwanza Mhina aliponionyesha bawa lililo tupu, mbavu nje, nilisema astaghfirullah, nikageuza uso. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kitambaa kinagandishwa kwa gundi, kinakazwa, halafu kinashonwa kwenye kila ubavu. Sindano yake ni ndefu kama mkono mpaka kiwikoni. Mmoja anakaa juu ya bawa, mwingine chini, mnapokezana sindano bila kuonana, na fundo linafungwa kwa namna yake, halijifungui hata uzi ukikatika jirani. Karibu na panga la mbele, lile linalozunguka, mishono inabanana, maana upepo wa pale unapiga kofi. Ukimaliza, unagonga kwa ukucha. Bawa zuri linalia kama dufu lililoota moto. Likilia kama ndoo, fumua.

Mhina hakuwa na wembe kama Jivan. Alikuwa na maneno. "Ukikosea kanzu," aliniambia, "mwenye kanzu atarudi kukutukana. Ukikosea hapa, Tatu, hatarudi mtu."

Na alikuwa na desturi moja. Kila alasiri kabla ya kufunga, anatukusanya wote, mpaka mfagiaji, anauliza: "Nani ana la kusema?" Hapo unasema. Nimeangusha sindano ndani ya bawa. Nimetoboa, nikaziba kimya. Nimefunga fundo nikiwa na usingizi. Ukisema saa hiyo, hugombezwi, hukatwi chochote, mnakwenda kurekebisha wote. Usiposema, kisha ikajulikana, unachukua nguo zako. Nilimwona akimtoa mpwa wake mwenyewe kwa sababu ya skrubu moja. Siyo kwa kuipoteza, ila kwa kusema ipo.

Kitambaa cha zamani kilikuwa pamba, kikikazwa kwa dawa ya kupaka, kali, inanuka mpaka kichwa kinazunguka. Baadaye kikaja kitambaa cha poliesta kinachokazwa kwa pasi. Hapo ndipo niliwaona wanaume. Mafundi wakubwa, wanajua injini mpaka roho yake, lakini pasi hawajawahi kuishika kwao. Wake zao wanawanyooshea. Wanaikandamiza kwenye bawa kama wanakanda unga, kitambaa kinanywea, kinatoboka, wanaanza kulaumu umeme. Mmoja akaniambia hii ni kazi ya kike. Nikamwambia basi ungekuwa mwanamke ungekuwa umemaliza.

Mhina alipostaafu, tajiri mmoja akafungua karakana huku kwetu, njia ya Bagamoyo, si kutengeneza ndege mbovu bali kuziunda mpya, kuanzia ubavu wa kwanza. Watu wake wakanifuata. Nikapewa chumba cha kitambaa na wanawake wa kuwafundisha. Juu yangu akawekwa injinia kijana, Lema, mwenye miwani. Nilitaka nimdharau, ingenipendeza, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa anauliza, halafu anasikiliza jibu. Hao ni wachache, msidhani chuo kitawapa hilo.

Katika wanawake wale nilimleta wifi yangu Mwanaidi. Kaka yangu Hamisi alikuwa amefariki, amemwachia watoto watatu. Mwanaidi alikuwa somo wa maharusi, mwenye kuwafunda na kuwapamba, kule Mlingotini, binti haolewi bila yeye, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya wote. Nasema kweli, ilikuwa mizuri kuliko yangu. Alikuwa akifunga lile fundo huku anasimulia ya watu.

Ndege yetu ya kwanza ikakaribia. Mabawa yameshonwa, yamelia vizuri, yanasubiri kupakwa. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja wiki ifuatayo, na tajiri alishasema mbele yetu sote: ikikataliwa anafunga, anauza mabati ya paa, anafuga kuku. Wanawake wote wa chumba changu walikuwa wameweka maisha yao juu ya yale mabawa mawili.

Ilikuwa Alhamisi, wenzetu wamekwenda kula, mimi niko bombani natia udhu. Nikasikia harufu ya udi.

Nyie mnaosoma hii hamjui chumba kile. Makopo ya dawa na gundi yamepangwa ukutani, na mvuke wake unashika moto kabla moto haujaufikia. Hata simu tulikuwa tunaacha nje. Nikaenda, sikukimbia. Nikamkuta wifi yangu chini ya bawa la kushoto, chetezo mkononi, makaa yamewiva mekundu, anakipitisha polepole kutoka ncha mpaka ncha kama anafukiza kanga za biharusi.

Ningepiga kelele angekiangusha. Nikasema kwa sauti ya kumwita mtu chakulani, "Wifi."

"Abee."

"Toa nje hicho chetezo. Tembea. Usigeuke haraka."

"Namalizia hapa."

"Toka nacho, wifi yangu. Shika chini, siyo pembeni."

Akatoka. Mimi nyuma yake, nimekinga makopo na mwili wangu kama vile mwili unazuia chochote. Tulipofika kwenye mchanga nikachukua ndoo ya udhu nikamwagia makaa yote.

"Umenizimia udi wa Kiarabu," akasema.

"Ungetuzima wote."

"Nimefukiza mabinti chungu nzima, hakuna aliyeungua. Kitu kipya hakitolewi ndani kikavu kikavu, Tatu. Kina kijicho kile. Watu wanapita barabarani wanakitazama."

"Umepaka chochote?"

"Moshi tu."

"Mwanaidi."

"Nimesema moshi tu."

Nikamwambia alasiri nitauliza kama kawaida, yeye ndiye aseme, kwa mdomo wake, na yataishia hapo. Nilimfungulia mlango. Sijui mtu anafunguliwaje zaidi ya hapo.

Alasiri tukakaa. Desturi ya Mhina nilihama nayo, na Lema alikuwa akija kila siku kusikiliza. Nikauliza, "Nani ana la kusema?" Mmoja akasema mkasi wake umeota kutu. Mwingine akasema amekata uzi mfupi. Mwanaidi anachezea pindo la mtandio. Nikauliza tena, na kuuliza mara ya pili si kawaida yangu, kwa hiyo wote wakajua. Walikuwa wamesikia harufu, wana pua. Wakatazama ukuta. Mwanamke mmoja wa Kerege akanong'ona nyuma yangu, "Bi Tatu, ana yatima."

Yatima walikuwa wa kaka yangu. Nilikuwa nawajua kwa majina kuliko yeye.

Nikasema mimi. Nikaeleza chetezo, makaa, bawa la kushoto. Lema akavua miwani akaifuta, akauliza jambo moja tu: kitambaa kimeguswa na mafuta yoyote?

"Sikugusa," akasema Mwanaidi.

Nikamshika mkono, nikaunusa. Mafuta ya udi, yale mazito ya kichupa, yako mpaka kwenye mifereji ya kucha. Biharusi hafukizwi tu, anapakwa, nyuma ya masikio, kwenye viungo vyote. Nikanusa na mabawa: alikuwa amepitisha kidole kwenye kila mshono wa mabawa yote mawili. Na mafuta kwenye kitambaa hayaonekani. Yanaizuia rangi isishike, inakaa juu tu inang'aa, mkaguzi anasaini, ndege inaruka, halafu siku ya jua kali huko juu ya mashamba inabanduka kipande kwa kipande.

"Pengine itafutika," akasema Lema, kwa kuwa alikuwa na huruma. Akafuta sehemu ndogo, akaipaka dawa, ikalala mpaka kesho yake. Akabandika utepe wa gundi, akauvuta. Rangi ikaja yote, nzima, kama ganda la kiazi kilichochemka.

Tukachana mabawa kwa visu. Ukitaka kujua sauti mbaya duniani, sikiliza kitambaa ulichokikaza mwenyewe kikichanwa. Ukaguzi ukasogezwa. Tajiri akaja na uso umevimba, akasema chumba chote cha wanawake kifungwe, hawa ni watu wa ngoma na mavumba ya kupungia mashetani, ataleta wanaume kutoka Dar.

Nikamwambia, "Wanaume wa Dar watatoboa. Chumba kibaki. Mwanaidi ndiye anaondoka."

"Si wifi yako huyo?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye utamwambia?"

"Nani mwingine?"

Nikamwambia Mwanaidi mlangoni, wenzake wakisikia. Nilitaka wasikie. Nikamwambia hukutolewa kwa chetezo, chetezo nilikisamehe palepale kwenye mchanga. Umetolewa kwa sababu uliulizwa mara mbili. Akanitazama, akasema, "Hamisi angekuwa hai usingethubutu."

"Hamisi angekuwa hai ungekuwa nyumbani kwako," nikamjibu.

Maneno hayo watu wa Mlingotini wanayo mpaka leo, wanayatoa kwenye kila msiba. Niliitwa kikao. Baba mdogo akaketi katikati, akaanza na dua, akamaliza na lawama.

"Tatu, damu ya kaka yako ile."

"Kaka yangu yuko chini, Mungu amrehemu. Rubani ndiye yuko juu."

"Rubani ni nani kwako?"

"Si mtu kwangu. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, baba."

Akasema nina roho ya bati. Nikamwambia bati linashika kutu, aseme kingine. Kikao kikavunjika.

Tulishona upya kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni mpaka ikapauka, na wale wanawake waliokuwa wakitazama ukuta wakawa wa kwanza kusema kila alasiri. Wakawa wanasema mpaka yasiyohusu. Nani kapiga chafya karibu na gundi, nani kawaza mume wake wakati wa kufunga fundo. Mkaguzi akaja, akagonga, akanusa hata, maana habari zilikuwa zimemfikia. Akasaini. Ndege ikaruka kuelekea Makurunge ikarudi, na rubani akashuka akaomba chai.

Watoto wa Hamisi nimewasomesha mimi, wote watatu, mpaka walipotaka kuacha wenyewe. Mama yao alipokea bila kushukuru. Sikusubiri shukrani, sikuwa namsomesha yeye. Na kama kuna anayedhani siku hizi usiku nageuka kitandani nikijiuliza kama nilikosea, ajue nalala fofofo. Nimewahi kuambiwa niende Mlingotini nikaombe radhi. Radhi ya nini? Ya kunusa mkono?

Kwa hiyo mkija hapa na viatu vyeupe, msiniulize mtu anaanzia wapi. Nitakuuliza wewe kwanza: kwenu, ni nani ambaye huwezi kumtoa? Ukinitajia jina, nenda kauze vocha, utaheshimika tu. Ukisema hakuna, wewe mwongo, na waongo sitaki. Ukinyamaza ukafikiri, nitakuletea uzi na nta, ukae pale kibarazani tuone bega lako.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali hapa Kerege, vyumba vinne, maji ndani. Shamba Makurunge, mikorosho na minazi michache. Minazi siikwei wala simruhusu mtoto wa mtu aikwee, nakodi mkwezi mzima mwenye akili zake. Cherehani mbili, moja mbovu. Sindano zangu za bawa, siazimi mtu. Mbuzi, idadi yake haiwahusu. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kisichokunjika. Watoto watatu wa kaka yangu, watu wazima sasa, wananiita shangazi na kuniamkia popote wanaponiona. Na wifi mmoja, yuko Mlingotini, mzima wa afya. Tukikutana msibani nikaketi, anahama mkeka.